Wa Nane kwenye Sinia

Sinia la mama yangu limerudi mikononi mwangu baada ya arobaini ya mdogo wangu Rehema. Watoto wake walilileta limefungwa kwenye kanga kuukuu, na yule mkubwa akaniambia, "Mama mkubwa, marehemu alisema hili lisigawanywe na vyombo vingine. Lije kwako." Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru Mungu. Walipoondoka nikalifungua. Ni sinia jeupe la bati, lenye ua jekundu katikati ambalo sasa limebaki nusu, na ukingo wake umebonyea mahali pamoja. Nikaliinua nikalinusa. Miaka yote hii imepita, na bado kwenye mkunjo wa ukingo kuna harufu ya mawese. Nikakaa chini kwenye mkeka, na mwili wangu mzima ukaingiwa na aibu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nimefundisha wasichana Kurani hapa Ujiji kwa miaka mingi. Nimewaambia mara nyingi kwamba toba ina masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama umemdhulumu mtu, kumrudishia haki yake. Hilo la mwisho huwa nalisema haraka.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya wakimbizi. Kwanza tulisikia habari tu, watu wazima wakizisema kwa sauti ya chini. Halafu mitumbwi ikaanza kuja kutoka kaskazini, imejaa mpaka maji yanakaribia kuingia, na waliomo hawasemi neno. Mama yangu alikuwa akishuka ziwani kila asubuhi kununua dagaa. Siku moja alirudi na beseni tupu na mtoto wa kike wa umri kama wangu, miaka kumi hivi. Mtoto huyo hakuwa na kitu ila mwiko wa kusongea ugali, ameushika kama mtu anavyoshika fimbo. Alikuwa anasonga ugali nyumbani kwao walipokuja waliokuja. Alikimbia nao na hakuuachia hata ndani ya mtumbwi.

"Anaitwa Minani," mama alisema. "Atalala na Zaina."

Zaina ni mimi.

Baba alikuwa fundi wa kuunda mitumbwi, mtu wa maneno machache. Alimtazama yule mtoto, akautazama mwiko, akasema, "Mti mzuri huo. Mti gani?" Minani akamtajia jina la mti kwa Kirundi. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo baba akaelewa, akatikisa kichwa kama amejibiwa swali kubwa. Mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyesema tumeongezeka.

Hilo la kutosema lilikuwa desturi, na lazima nilieleze kwa sababu ndilo nililolivunja. Kwetu mtoto hakuhesabiwa. Kuku walihesabiwa, mbao zilihesabiwa, lakini mtu akimuuliza mama, "Una watoto wangapi?" alijibu, "Wapo, namshukuru Mungu," na muulizaji mwenye adabu aliishia hapo. Ukitaja idadi umemwonyesha hasidi pa kuanzia, ndivyo walivyosema. Hata alipotaka kujua kama sote tumeingia ndani jioni, mama hakusema moja, mbili, tatu. Alitugusa vichwa, mmoja mmoja, akitaja majina. Baada ya siku chache mkono wake ukawa unagusa kichwa kimoja zaidi, na jina la Minani likaingia kwenye orodha baada ya langu, kama vile lilikuwepo siku zote.

Kwa watu wa Minani mambo yalikuwa kinyume. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba jina lake ni idadi: kwao wa saba anaweza kuitwa Nyandwi, na wa nane Minani. Alikuwa wa nane kwa mama yake. Sikuuliza wale saba wako wapi. Tulikuwa tunacheza mdako uani, yeye na mimi, kwa vijiwe vya ziwani, na alikuwa anahesabu vijiwe anavyodaka: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Alikuwa hodari kunishinda. Siku moja akashika kijiwe bila kukirusha, akaanza kusema, "Mama wangu mie, yeye alikuwa anaitwa..." nami nikamkatiza, "Rusha bwana! Zamu yako inapita." Akarusha. Nimeisikia sauti yangu ile mara nyingi maishani.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Chakula cha watoto kiliwekwa kwenye sinia hili, ugali wa muhogo katikati, na pembeni bakuli la maharage au dagaa waliopikwa kwa mawese. Tulikaa duara. Sisi tulisema Bismillahi, Minani akafanya ishara ya msalaba aliyofundishwa kwao. Kaka yangu mkubwa alipocheka, mama alimwambia, "Wewe unacheka nini? Kila mtu anashukuru kama alivyofundishwa. Kula." Lakini mimi niliona jambo jingine. Niliona kwamba duara limebana. Zamani nilikaa nimekunja miguu kwa raha. Sasa goti langu lilikuwa juu ya goti la mtu.

Mwaka ule shuleni kwetu alikuja mwalimu kijana wa jiografia. Nilikuwa darasa la nne. Alivaa soksi ndefu na alikuwa na mikono ya kueleza, na sote tulimpenda. Shule ilipofunguliwa alikuja na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaijaza maharage mpaka nusu. Halafu akafungua karatasi, akatuonyesha fukusi wachache waliokuwa wanatembea juu yake, akawatumbukiza ndani. Akafunika chupa kwa kifuniko alichokitoboa kwa msumari, akaiweka dirishani.

"Hawa ni wananchi," akasema. Tukacheka. "Na hii ndiyo nchi yao. Tutawatembelea kila wiki."

Wiki za mwanzo hapakuwa na la kuona. Halafu ghafla palikuwa na la kuona. Mwalimu alituchorea ubaoni: wawili wakizaa wakawa wanne, wanne wanane, wanane kumi na sita, na mstari aliouchora ulianza kwa kulala chini, kisha ukapanda kama mtu anayepanda mnazi. Alitufundisha kwamba idadi ya watu wa mahali popote ina milango minne. Kuna milango miwili ya kuongeza, nayo ni kuzaliwa na kuhamia. Kuna milango miwili ya kupunguza, nayo ni kufa na kuhama. "Hakuna mlango wa tano," akasema, na akatuimbisha: kuzaliwa, kuhamia, kufa, kuhama. Akasema pia kwamba wingi wenyewe si tatizo. Watu huwa wengi mno pale wanapozidi kile kinachowalisha, maji yao, kuni zao, ardhi yao. Wakizidi, mlango mmoja hujifungua wenyewe. Hakuutaja. Alituonyesha chupa. Karibu na likizo maharage yalikuwa yamegeuka unga, na juu ya unga fukusi wamelala migongo juu ya migongo, hawatembei.

Niliiangalia chupa ile muda mrefu kuliko wenzangu, kwa sababu mama alikuwa mjamzito.

Na mwaka mmoja kabla alikuwa amezaa mtoto aliyeishi siku mbili. Watu wazima walisema, "Kazi ya Mungu," wakamzika, wakaendelea na mambo yao, na mimi sikuwahi kupata maelezo mengine. Sasa nilikuwa nimeyapata. Mtoto yule hakupata nafasi. Nyumba ilikuwa imejaa akafa, na sasa tumeongeza mwingine juu ya waliokuwepo, na huyu wa tumboni akija atakuta duara limefungwa. Nilianza kuhesabu. Nilihesabu kimya kimya kila jioni, nikitumia vidole chini ya kanga yangu ili mama asione: saba wa mama, wa nane Minani, wa tisa yuko tumboni. Msimu ule dagaa walikuwa haba na ugali ulikuwa unapungua kweli, si mawazo yangu. Nikapitia milango minne, mmoja baada ya mwingine. Kuzaliwa siwezi kuzuia. Kuhamia kumekwishatokea. Kufa sitaki. Ukabaki mmoja.

Nimekuwa nikijieleza hivyo kwa miaka mingi, kwamba nilitaka kumwokoa mdogo wangu. Ni kweli, lakini si kweli yote, na katika umri huu sina muda wa kubeba nusu. Mama alikuwa anamsuka Minani kila Alhamisi. Mikono yake ilikuwa inakaa kwenye nywele zake muda mrefu kuliko ilivyokaa kwenye zangu, kwa sababu yule mtoto akisukwa alikuwa anasinzia, na mama hakutaka kumwamsha. Mimi nilisimama mlangoni nikatazama. Hilo nalo lilikuwemo kwenye hesabu yangu.

Siku waliyokuja ilikuwa asubuhi, Jumamosi, hakuna shule. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee jirani aliyetujua wote tangu kuzaliwa, amefuatana na afisa mwenye daftari kubwa. Afisa hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Alivua kofia, akasalimu vizuri. Alisema serikali inawakusanya wageni waliotoka ng'ambo ya mpaka, wapelekwe kwenye makazi mapya huko bara, wapewe ardhi walime, kwa sababu mji na vijiji vya ziwani vimeelemewa.

"Sasa mama, hapa kwako mko wangapi?"

"Tupo, baba. Tunamshukuru Mungu."

"Nakuelewa, mama. Lakini nahitaji idadi."

"Idadi anayo Mungu."

Balozi akacheka, akampiga afisa bega kidogo. "Bwana mkubwa, hapa Ujiji utazeeka ukiuliza hivyo. Mwanamke wa hapa hata kaniki zake hazihesabu, itakuwa watoto? Andika jina la mwenye nyumba twende zetu. Hawa nawajua, ni watu wangu."

Nataka muione hali ilivyokuwa. Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, tena kwa adabu na kicheko. Balozi alimjua Minani, mtaa mzima ulimjua, na kila nyumba waliyopita asubuhi ile desturi yetu ya zamani ya kuogopa hasidi ilikuwa imesimama mlangoni ikiwaficha watoto wa watu. Afisa alikuwa amefunga daftari. Akaniona nimesimama na daftari langu la shule kifuani, na nafikiri alitaka tu kunitania.

"Na wewe mwanafunzi? Darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi hesabu unazijua. Au na wewe unaogopa?"

"Siogopi."

"Haya. Niambie mko wangapi."

Nikasimama wima kama tunavyosimama darasani. "Wa mama ni saba," nikasema. "Na mmoja amehamia."

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo wa mama.

"Amehamia kutoka wapi?" afisa akauliza taratibu, na hakuwa anatania tena.

"Huyu mtoto anacheza tu," balozi akasema. "Zaina, nenda kachote maji."

Lakini Minani ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani na ndoo ya maji kichwani, na mimi nikainua mkono, nikamwonyesha kwa kidole. Sikuulizwa. Mkono uliinuka wenyewe, kama unavyoinuka mbele ya mwalimu unapokuwa na jibu sahihi.

"Unaitwa nani, binti?" afisa akamuuliza.

Alikuwa amefundishwa na mama aseme jina jingine. Alitutazama mimi na mama, akashusha ndoo bila kumwaga hata tone, akasema, "Minani."

Mama hakunipiga. Ningependa niandike kwamba alinipiga. Aliacha ungo, akamfuata afisa mpaka mlangoni, akamwambia maneno mengi, kwamba mtoto ana miaka kumi, atalima nini, atalala na nani. Afisa alisema huko kuna watu wao, huenda akakutana na ndugu zake. Akasema, "Mama, mimi nimeshaandika." Wakampa siku mbili, mpaka treni ya Jumatatu.

Siku hizo mbili Minani alifanya kazi zake kama kawaida. Alichota maji, akashuka ziwani, akarudi. Jumapili tulicheza mdako. Sikujua kama ananichukia. Nilimuuliza kwa woga, "Unajua unakwenda wapi?" Akasema, "Oya," yaani hapana. Halafu akaniuliza, "Huko kuna ziwa?" Nikasema sijui. Tukaendelea kucheza, na alinishinda kama kila siku, ila hakuhesabu vijiwe kwa sauti.

Jumatatu mama aliniambia nisiende shule. "Twende umsindikize," alisema. Kutoka Ujiji mpaka stesheni ya Kigoma tulitembea kwa miguu, tukapita Gungu jua likiwa kali, mama na tumbo lake kubwa mbele, Minani katikati na mwiko wake, mimi nyuma. Mama alikuwa amefunga ugali na samaki wa kukaanga, migebuka ya ziwani, kwenye majani ya mgomba. Stesheni ilijaa watu waliokaa chini kwa makundi, wenye vyungu, wenye mikeka, wenye watoto migongoni, na wote walikuwa kimya kama wale wa kwenye mitumbwi. Mwanamke mmoja alikuwa anaita majina kutoka kwenye karatasi. Mama akamshika Minani kichwa. Akamgusa kama anavyotugusa jioni, akataja jina lake, mara moja. Halafu akatafuta kati ya wale watu mwanamke mwenye uso wa huruma, akamkabidhi mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, akasema naye kwa Kiha, na yule akaitikia, "Ego, mama. Ego." Minani akamshukuru mama, "Murakoze." Kwangu akanyoosha ngumi, akaifungua, akaniachia vijiwe vyake vya mdako kiganjani. Vilikuwa na joto la mkono wake. Nilitaka kusema neno. Nikasema, "Zamu yako ilikuwa bado." Ni upuuzi, lakini ndilo nililosema.

Jioni ile tulikaa kwenye sinia. Nilikunja miguu yangu na goti halikugusa goti la mtu. Mama akaleta ugali, nami nikatazama, kwa sababu nilikuwa nangoja kuona umeongezeka. Ulikuwa mdogo kuliko wa jana. Bakuli la dagaa halikuwepo kabisa, kulikuwa na chumvi na mawese tu. Nikauliza dagaa wako wapi.

"Walikuwa wa Minani," alisema dada yangu mkubwa. "Hukujua? Kila asubuhi alikuwa anawasaidia wanawake kuanika dagaa mchangani na kufukuza ndege. Walikuwa wanampa bakuli, analeta."

Sikujua. Nilikuwa nimehesabu mkono wake unaoingia kwenye sinia, sikuhesabu ulikotoka mkono huo asubuhi. Baba aliondoka kwenye mkeka wa wakubwa, akaenda akasimama uani. Kaka mdogo alitaka kusogea ajaze nafasi iliyobaki, na mama akaupiga ukingo wa sinia kwa upawa, kwa nguvu ambazo hatukuwahi kuziona kwake. Ndipo pale palipobonyea. "Hapo mpaache," akasema.

Baadaye akaniita ukumbini. Nilijua sasa ndiyo zamu yangu. Akakaa, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akaniuliza nani amenifundisha kuhesabu watu. Nikamweleza yote: chupa, fukusi, milango minne, mtoto aliyekufa kwa kukosa nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu hakusoma shule ya karatasi, alisoma chuo cha Kurani tu.

"Yule hakufa kwa kukosa nafasi," akasema. "Alikuwa mgonjwa. Ungeniuliza."

Akanionyesha nikae karibu yake.

"Bibi yako aliyenizaa mimi aliletwa mji huu akiwa mdogo kuliko wewe, kutoka ng'ambo huko Kongo, hajui amekuja na nani. Kuna mwanamke wa hapa alimpa pa kukaa penye sinia. Huyo mwanamke angekuwa na hesabu kama zako, wewe ungekuwa wapi?"

Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipokufa. Huo ndio ulikuwa upole wake, na ndiyo ilikuwa adhabu yangu.

Siku tatu baadaye mwalimu aliichukua chupa kutoka dirishani, akaifungua, akatumwagia ule unga mezani. "Somo halijaisha," alisema. "Nani ataniambia tofauti ya fukusi na mtu?" Mtoto mmoja akasema mtu ana miguu miwili, darasa likacheka. Mwalimu akangoja tunyamaze. "Fukusi hapandi," akasema. "Anakula akutacho. Halafu kumbukeni, hawa hawakujifunika wenyewe. Mimi ndiye niliyefunga kifuniko." Akasema watu wakizidi mahali kuna mengi ya kufanya kabla ya kufika pale chupa ilipofika: kulima vizuri, kutunza maji na miti, kupanga uzazi, kugawana, na kuwaacha watu waende wanakoweza kuishi. Aliandika ubaoni na sote tukanakili. Mwandiko wangu kwenye ukurasa ule ulikuwa mbaya. Simlaumu. Alifundisha alichotakiwa kufundisha, na mji ulikuwa umeelemewa kweli. Mimi ndiye niliyetoka darasani na nusu ya somo nikaenda kuifanyia kazi.

Rehema alizaliwa mwezi uliofuata, mzima, mwenye sauti. Alipofikia umri wa kukaa kwenye sinia, mama alimsogeza kando ya nafasi ile, si ndani yake. Tukakua na pengo letu. Watoto wa majirani waliokuja kula walilielewa bila kuelezwa, wakalizunguka.

Nilipokuwa mtu mzima, mume wangu akiwa hai, nilimwomba ruhusa nikapanda treni kwenda kwenye makazi yale ya wakimbizi. Nilikuwa na kanga mbili mpya na vile vijiwe. Nikafika kwenye nyumba za udongo zilizopangwa mistari, mahindi yamesimama mpaka milangoni, na watu walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nikamwambia mzee wa pale kwamba namtafuta Minani. Akatuma watoto. Baada ya muda wakaja kina Minani: mwanamume mwenye jembe begani, bibi asiyeona vizuri, kijana wa kiume, mama mnene aliyembeba mtoto. Kila nyumba yenye watoto wengi ilikuwa na wa nane wake. Mama yule mnene nilimtazama sana. Nikamwonyesha vijiwe. Akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Mama," mzee akaniambia kwa upole, "hapa Minani ni wengi, na wengine walihama tena wakaenda zao. Tusaidie. Huyo wako ni Minani wa nani? Mama yake anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaona vijiwe uani kwetu, na kijiwe kimoja mkononi kisichorushwa, na nikasikia, "Mama wangu mie, yeye alikuwa anaitwa..."

"Sijui," nikasema.

Wale watu hawakunicheka. Wakanipa uji, wakanipa mahindi ya kubeba. Nilirudi nayo Ujiji nikampa mama, na hakuuliza nimeyatoa wapi. Huenda yeye alilijua lile jina. Yule mtoto alikuwa anasinzia mikononi mwake kila Alhamisi, na watoto husema mambo kabla ya kusinzia. Kumuuliza lilikuwa jambo la pumzi moja, nami nikaona haya kulianza, mwaka baada ya mwaka, mpaka tulipomzika.

Sasa sinia liko kwangu. Jana wajukuu walikulia humo kwa mara ya kwanza, na mdogo wao akauliza kwa nini pamebonyea. Nikamwambia akae pembeni kidogo, asipakalie. Nimejaliwa mengi: watoto, wanafunzi, umri, na pumzi ya kuamkia sala ya alfajiri. Kila alfajiri baada ya kutoa salamu huwaombea watu wangu mmoja mmoja, kama mama alivyotugusa vichwa, kwa jina la mtu na la mzazi wake. Huwataja wazima, huwataja marehemu, na tangu arobaini ile humtaja na Rehema. Kisha nasema, Ewe Mola, na popote alipo mlinde Minani binti, na hapo hunyamaza na mikono ikiwa juu, mpaka kunapambazuka.